"Hapana, Mama": Kwa Nini Mgombea Hushindwa Kuwatuliza Watu Wake Mwenyewe

Katika Wamarekani wote walioshindwa uchaguzi, John McCain, mgombea urais wa chama cha Republican, ndiye ambaye hapa Kisumu hata wazee wanaocheza ajua, bao letu, chini ya mti wanamkumbuka kwa jina. Aliyemshinda, Barack Obama, ni mwana wa mtu wa Kogelo, kijiji cha Siaya, na kura ya Novemba 2008 tuliifuatilia kama iliyopigwa Siaya. Rais Kibaki alitangaza Alhamisi ya tarehe 6 kuwa sikukuu ya taifa. Bia ya Senator ya kumiminwa kutoka kwenye keg, ambayo watu walikuwa wameshaibatiza "Obama", ilinywewa kwa bidii ambayo sitaieleza hapa.

Lakini McCain anayekumbukwa hapa ni yule wa wiki tatu na ushee kabla ya kura, siku alipoingia ukumbini kuwahutubia wafuasi wake na wakaishia kumzomea.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 10 Oktoba 2008, katika ukumbi wa shule ya upili mjini Lakeville, jimbo la Minnesota. Soko la hisa lilikuwa linaporomoka, benki kubwa ya Lehman Brothers ilikuwa imeanguka mwezi uliotangulia, na kura za maoni zilimweka McCain nyuma. Watu walikuwa na hofu, na kampeni yake ilikuwa imewapa mahali pa kuielekezea. Siku chache kabla yake, mgombea mwenza wake, Sarah Palin, alikuwa akizunguka akisema kwamba Obama anashirikiana na magaidi. Alimkusudia Bill Ayers, mwalimu wa chuo kikuu wa Chicago aliyewahi kuwa katika kundi lililotega mabomu miaka ya sabini mwanzoni.

Mwanamume mmoja akasimama, akasema yeye na mkewe wanatarajia mtoto wao wa kwanza, na wanaogopa kumlea chini ya urais wa Obama. McCain akamjibu kwamba Obama ni mtu wa heshima, na kwamba hakuna haja ya kumwogopa akiwa rais. Ukumbi ukamzomea, yeye, mgombea wao. Baadaye mama mmoja akapewa nafasi. Akasema hawezi kumwamini Obama, amesoma habari zake, yeye ni Mwarabu. McCain alikuwa ameanza kutikisa kichwa. Akauchukua ule maiki mkononi mwa yule mama, akasema maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama haya: "Hapana, mama. Ni mtu wa heshima, mwenye familia yake, raia, ambaye mimi na yeye tunatofautiana katika mambo ya msingi, na kampeni hii inahusu hayo."

Watazame waliokuwa wakitazama. Kenya ilikuwa imetoka kwenye moto miezi michache tu kabla. Mkataba uliosimamiwa na Kofi Annan ulitiwa saini tarehe 28 Februari mwaka huohuo. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na mamia ya maelfu walikuwa wamefukuzwa makwao. Kuna waliokuwa bado kwenye mahema Nakuru siku hiyo McCain aliposhika maiki. Kwa mtu aliyeketi mbele ya televisheni katika mitaa ya Manyatta au Nyalenda hapa Kisumu, kumwona mgombea akiwaambia watu wake mwenyewe "hapana", tena papo hapo, lilikuwa jambo geni kabisa. Wapo walioliita ujinga wa kisiasa, kwamba mzee amejipigia goli.

Ni vizuri kulichambua jibu lile kidogo, maana mara nyingi husifiwa haraka mno.

Uongo wenyewe McCain aliukata. Obama hakuwa Mwarabu. Baba yake alikuwa Mjaluo na mama yake Mmarekani mweupe, na mwenyewe alizaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961. Lakini angalia alivyoukata: ameambiwa "ni Mwarabu", akajibu "hapana, ni mtu wa heshima mwenye familia". Kana kwamba mtu hawezi kuwa vyote viwili! Sisi tunaosema Kiswahili tunalisikia kosa hilo upesi. Hapa Kisumu tuna mtaa unaoitwa Manyatta Arab, na ukishuka Pwani, Mwarabu ni mjomba, ni shemeji, ni mwenye duka unayemkopa unga. Siku tisa baadaye Colin Powell, wa chama kilekile cha Republican, aliligusa pengo hilo kwenye televisheni alipotangaza kwamba atampigia Obama kura. Alisema jibu sahihi ni kwamba Obama si Mwislamu bali Mkristo, lakini jibu lililo sahihi zaidi ni kuuliza: na kama angekuwa Mwislamu, kuna ubaya gani?

Kwa hiyo Lakeville kulikuwa na kazi mbili, na moja tu ndiyo iliyofanyika. Kurekebisha habari ni kazi rahisi kiasi, kwa sababu hatimaye habari ina ushahidi. Kazi ya kuugusa ule woga ulioizaa habari ni ngumu zaidi, na sidhani inawezekana kwa sentensi moja ukumbini. Powell alikuwa na studio tulivu na siku tisa za kufikiri. McCain alikuwa na sekunde mbili na umati ulioanza kunguruma. Mimi simlaumu sana.

Ninachomdai ni kingine. Matangazo ya kampeni yake kuhusu Ayers yalikuwa yanaendelea kurushwa, na katika mdahalo wa tarehe 15 Oktoba yeye mwenyewe alilitaja jina hilo tena. Huwezi kumwaga mafuta ya taa asubuhi, jioni ukaonekana na ndoo ya maji, halafu ukashangaa kwamba nyumba bado inafuka moshi. Hata usiku wa tarehe 4 Novemba, alipokuwa Phoenix akikubali kushindwa, umati wake ulimzomea Obama alipotajwa, na McCain akalazimika kuinua mikono kuwanyamazisha.

Tuuache Marekani kidogo, maana swali ni kwa nini kazi hii ni ngumu popote pale.

Mtu anayekuja kwenye mkutano wa hadhara haji kufundishwa. Anakuja kuthibitishiwa. Ametoka nyumbani na hasira yake, bei ya unga, shamba, kazi aliyonyimwa, na anataka mtu mkubwa aiseme kwa sauti kubwa ili ajue hakosei. Mgombea naye anaishi kwa sauti zile. Anapowaambia wafuasi "mmekosea hapo", anavunja mapatano ambayo hayakuandikwa popote ila kila mtu uwanjani anayajua. Na wenye hasira nyingi ndio wenye bidii nyingi. Ndio wanaobandika mabango usiku, ndio wanaokesha kwenye kituo cha kuhesabia kura. Kuwaudhi hao ni kukata mguu unaotembelea, na mshauri yeyote wa kampeni atakuambia hivyo kabla hujamaliza kumuuliza.

Hapa kwetu kuna mambo mawili ya kuongezea. Si wote wanaopiga kelele ni wafuasi. Kuna vijana waliokodiwa kwa siku, wengine na mgombea, wengine na mpinzani wake ili mkutano uharibike, na ukiwa juu ya jukwaa hutawatofautisha. Halafu kuna mpangilio wenyewe wa mkutano. Ratiba inasema saa nne. Mtumbuizaji anapasha watu moto, wanafuata wagombea wa udiwani, kisha wa ubunge, mama mwakilishi wa kaunti, seneta, gavana, na kila mmoja lazima aache alama maana ana dakika tatu tu. Mkubwa anafika saa tisa. Kufikia hapo umati umechemka kama githeri kwa saa tano, umeshaambiwa adui ni nani kwa majina mia, na yeye ndiye anayetarajiwa kuupoza. Akiwa mwaminifu atakubali pia kwamba wale waliouchemsha ni watu wake.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Januari 2022 mjini Eldoret. Seneta Mithika Linturi alilitamka neno "madoadoa" jukwaani katika mkutano wa William Ruto. Bonde la Ufa, neno hilo si la nguo wala ng'ombe. Miaka ya ghasia lilimaanisha majirani wa kabila jingine wanaotakiwa kuondolewa. Seneta alikamatwa, akaomba radhi, akasema alikuwa anazungumzia wagombea wa vyama vingine. Miezi mitatu baadaye Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya kuepukwa, na "madoadoa" lilikuwemo pamoja na mengine kama "kwekwe" na "mende". Ukiyatazama maneno hayo utaona ni ya shambani na jikoni. Hakuna hata moja linalomtukana mtu. Yanachofanya ni kumgeuza jirani kuwa kitu kinachosafishwa, na ndiyo maana umati hushangilia bila kuona kwamba umesema jambo baya.

Lugha ina jambo jingine ambalo wageni hawalioni. Mkutano wa Magharibi au Nyanza una lugha tatu. Kiingereza ni cha kamera, Kiswahili ni cha nchi nzima, na lugha ya mama ni ya wenyewe waliosimama pale. Mgombea anaweza kuhubiri amani kwa Kiswahili kisafi kwa dakika kumi, kisha akatupa kifungu kimoja cha Kidholuo, Kalenjin au Kibukusu, uwanja ukalipuka kwa kicheko, na mwandishi wa habari wa Nairobi akabaki anauliza wamesema nini. Umati unajua lugha ipi ni ya kazi na ipi ni ya maonyesho. Kwa hiyo wito wa utulivu uliotolewa kwa Kiswahili peke yake, mbele ya watu waliochochewa kwa lugha ya mama, unasikika kama tangazo la uwanja wa ndege. Ukitaka kujua kama mgombea anamaanisha, sikiliza anatuliza kwa lugha gani.

Kisumu inajua pia kinachotokea mkubwa anapochagua kutotuliza. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikuja kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ambayo mpaka leo makanga wa matatu anakuuliza "Russia?" ukikaribia. Tom Mboya alikuwa ameuawa Nairobi tarehe 5 Julai, majeraha yalikuwa mabichi, na uchaguzi ulikuwa umekaribia. Wafuasi wa KPU, chama cha Jaramogi Oginga Odinga, walipiga kelele za kumpinga rais. Angeweza kuwapooza au kunyamaza. Alijibu kwa ukali, akimkabili Odinga hadharani, na msafara ulipokuwa unaondoka polisi wakafyatua risasi. Serikali ilitaja watu 11 waliokufa, wenyeji wametaja wengi zaidi. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini. Uchaguzi wa Desemba ukafanyika na chama kimoja tu. Jeraha lile limerithiwa. Kuna vijana wa mtaa wa Kondele wanaolisimulia kama waliloliona, na hata baba zao walikuwa hawajazaliwa.

Miaka karibu hamsini baadaye mji huohuo ulionyesha upande wa pili. Tarehe 26 Oktoba 2017 uchaguzi wa marudio haukuweza kufanyika kabisa katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Raila Odinga alikuwa amejiondoa na ngome yake ikafunga barabara. Jina la Rais Uhuru Kenyatta, mpinzani wake, lilikuwa halitajiki. Kisha Machi 9, 2018 wawili hao wakapeana mikono kwenye ngazi za Harambee House, ofisi ya rais Nairobi, na Desemba 13 ya mwaka uleule Uhuru alikuwa Kisumu akizindua mpango wa afya kwa wote huku akishangiliwa. Kati ya barabara kufungwa na vigelegele hakukupita hata miezi kumi na minne.

Wengi husimulia hadithi hiyo kama sifa, na kwa sehemu ni sifa kweli. Lakini mimi hunikosesha usingizi. Kama neno la mtu mmoja linaweza kufunga mfereji hivyo, basi koki ilikuwa mkononi mwake siku zote. Nakuru ilifundisha somo hilohilo mapema zaidi. Januari 2008 mji ule na Naivasha vilishuhudia mauaji ya kulipiza kisasi. Tarehe 2 Desemba 2012, katika uwanja wa Afraha, Uhuru na Ruto walisimama pamoja mbele ya jamii zilizokuwa zimepigana na kutangaza muungano wao. Wakati huo wote wawili walikuwa washtakiwa wa Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, ICC, kwa mambo ya 2008, kesi ambazo baadaye zilikwisha bila hukumu ya hatia, ya Uhuru mwaka 2014 na ya Ruto 2016. Uchaguzi wa 2013 Bonde la Ufa ulipita kwa utulivu. Majirani waliokuwa hawasalimiani wakawa wanavaa fulana za rangi moja. Hakuna aliyewaeleza kilichokuwa kimewafanya wachinjane, maana hiyo haikuwa kazi ya muungano.

Sheria ya Kenya, kwa karatasi, ina jibu. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ina jedwali lenye kanuni za maadili ambazo kila chama na kila mgombea hujifunga kuzifuata. Moja inawataka walaani vurugu na vitisho hadharani, na tena mara kwa mara. Ninapenda hayo maneno ya mwisho. Aliyeyaandika alijua kwamba kulaani mara moja, kwa taarifa, si kulaani. Tume ya uchaguzi, IEBC, inaweza kumwonya anayekiuka, kumtoza faini au kumzuia kufanya mikutano eneo fulani. Kwa matamshi ya chuki, sheria iliyoanzisha NCIC mwaka 2008 inataja faini isiyozidi shilingi milioni moja au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote. Vifungu vipo, wanaofungwa ni haba.

Na ndiyo maana vyombo vyetu vya habari vimejaa ile kulaani ya kesho yake. Novemba 10, 2021 msafara wa Ruto, wakati huo naibu wa rais, ulipigwa mawe Kondele. Raila alilaani. Aprili 1, 2022 helikopta ya Raila ilipigwa mawe kule Uasin Gishu baada ya mazishi ya mzee Jackson Kibor. Ruto akaomba radhi. Nawapa wote wawili haki yao: wangeweza kunyamaza, au kusema polisi ndio wa kulaumiwa. Radhi ile iliwapa wazee wa vijiji kitu cha kushika. Lakini wote walizungumza wakati mawe yameshatua, na waliosikia zaidi walikuwa wafuasi wa upande uliopigwa. Aliyerusha jiwe hakuangaliwa usoni na mtu anayempenda akaambiwa hapana. Hiyo ndiyo tofauti kati ya taarifa na Lakeville, pamoja na mapungufu yote ya Lakeville.

Kwa nini basi McCain aliweza, hata kwa nusu? Mwenyewe aliwahi kuunguzwa. Mwaka 2000, alipokuwa akiwania tiketi ya chama chake, watu wa South Carolina walinong'onezewa kwamba amezaa mtoto mweusi nje ya ndoa, hali alikuwa ameasili mtoto kutoka Bangladesh. Alishindwa jimbo lile. Mtu aliyeonja uvumi wa aina hiyo huutambua unapotoka mdomoni mwa mwingine. Jambo jingine ni dogo, la mikono tu, ila nadhani ndilo lililofanya kazi: aliuchukua maiki. Hakumwacha yule mama amalize ili amjibu kwa hotuba. Kwenye mkutano, mwenye sauti ni mwenye spika.

Hilo la maiki nililiona kwa macho yangu mwaka 2022, katika kampeni ya udiwani hapa Kisumu, karibu na soko moja ambalo sitalitaja. Mgombea alikuwa juu ya lori. Lori la mpinzani wake likatokea upande wa pili wa barabara, muziki juu, na vijana wetu wakaanza kuokota vitu. Mtumbuizaji akaanza kuimba kwa nguvu zaidi, kama wanavyofanya wote. Mgombea akamnyang'anya maiki, akazima spika kabisa. Ule ukimya ulikuwa wa ajabu, watu walisikia mpaka mafuta ya samaki yakichemka kwenye karai. Kisha akashuka chini, akaenda kwa wale vijana mmoja mmoja akiwaita kwa majina ya baba zao. "Omera, yule ni wendo. Mgeni anapita." Kwa Kidholuo chote, bila kamera hata moja. Mmoja alimjibu kwamba yeye ni mwoga na hatampigia kura, akamwambia, "Sawa, usinipigie, lakini weka hilo jiwe chini."

Lori la mpinzani likapita. Jiwe moja lilirushwa hata hivyo, kutoka nyuma ambako hakuwa amefika, likakosa lori na kutoboa bati la kibanda cha mama muuza nguo. Mama hakumfuata aliyerusha. Alikuja moja kwa moja kwa mgombea, akamwambia hawa ni watoto wako, bati langu ni lako. Yeye akaanza kusema kwamba hamjui kijana yule, kisha akaacha katikati ya sentensi na kutoa pochi. Walibishana kuhusu bei ya bati moja la geji thelathini kwa karibu robo saa, huku mkutano ukingoja.